Wimbo Huu Una Mwenyewe

Karatasi iliyobandikwa kwenye mwembe ulio karibu na soko ilitangaza kuwa usiku ule itaonyeshwa sinema ya hadithi na ngoma za asili, kwamba hakuna kiingilio, na kwamba wasanii wenyewe watakuwapo. Ilikuwa mwaka 2017, upande wa Matombo, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, pahala ambapo Mzanzibari akifika hujiona kama hakuondoka kwao, maana hupokewa na harufu anayoijua: karafuu, mdalasini, pilipili manga. Shuka jeupe lilifungwa baina ya miti miwili, jenereta likawekwa mbali ili mngurumo wake usiumeze wimbo, na giza lilipoingia watoto walikuwa wamekwishajipanga mbele, wazee wamekalia mabenchi ya kuazima, na akina mama wametandika mikeka. Mimi nilikaa nyuma, karibu na projekta, kwa sababu nilikuwa na sehemu yangu katika kazi ile. Maneno ya Kiswahili yaliyokuwa yakipita chini ya picha niliyaandika mimi.

Nataka kuihakiki sinema ile kama nihakikivyo diwani inayoletwa mezani kwangu, yaani kwa kuangalia inasema nini, inasemaje, na inamsemea nani. Sitaitaja kwa jina, wala sitawataja vijana wa Morogoro walioitengeneza, kwani nia yangu si kumsuta mtu. Na kosa kubwa kuliko yote yaliyomo, kama msomaji atakavyoona, ni langu.

Sinema ya kuzungushwa vijijini si jambo geni katika nchi zetu. Baina ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliweka makao Vugiri, katika milima ya Usambara, wakatengeneza filamu zipatazo 35 kwa ajili ya Waafrika wa Tanganyika na nchi za jirani, kisha wakazisafirisha kwa lori lenye mtambo wa umeme. Zilikuwa filamu za kufundisha: faida ya kuweka akiba posta, faida ya kulipa kodi, madhara ya minyoo, namna ya kutunza udongo. Sauti ilitoka kwenye sahani za santuri, au kinywani mwa mtu aliyesimama kando akieleza kwa lugha ya wenyeji. Baada ya vita vikuu vya pili zikaja filamu za Kiswahili zenye wachezaji Waafrika, na miongoni mwao Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, ambamo kijana Rashidi Kawawa alicheza kabla siasa hazijamchukua na kumfikisha, mwaka 1962, kwenye uwaziri mkuu. Watu walizipenda zile picha. Lakini mkondo wa maneno ulikuwa mmoja: mjini kwenda shamba, mjuzi kwenda kwa asiyejua.

Nayasema haya kwa sababu Matombo ni mahali penye kumbukumbu ya kufundishwa kwa nguvu. Ndiko watu walikokusanyika mwaka 1955 kuupinga mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao ya mlimani. Ghasia zilizuka, mtu mmoja akauawa, na mpango wenyewe ukafa. Kwa hiyo mgeni anapotokea huko na gari, mtambo na shuka jeupe, akasema safari hii sikuja kuwafundisha, nimekuja kuwaonyesha nyinyi wenyewe, watu humsikiliza kwa adabu na kusubiri waone.

Baina ya lori la Notcutt na projekta ya vijana wetu yamepita mengi. Kulikuwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968. Kulikuwa na magari ya sinema ya serikali. Kisha ikaingia kanda ya video na mabanda yake, na humo akazuka fundi ambaye sisi wafasiri tunapaswa kumvulia kofia: mtu wa kusimama na kipaza sauti na kuieleza kwa Kiswahili filamu ya Kihindi au ya Kichina, akiwapa wahusika majina ya mtaani kwetu na kuwatukania maadui kwa matusi ya Kariakoo. Lufufu ndiye aliyevuma zaidi. Wasomi wakamcheka, wapenzi wa lugha wakamwonea haya, lakini Lufufu alijua jambo moja ambalo sikulijua mimi mwaka 2017, nalo ni kwamba anayefasiri mbele ya watu huonekana, na akikosea huulizwa papo hapo.

Huku Visiwani tuna mazoea yetu. Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, halikubakia Ngome Kongwe peke yake. Lilikuwa na utaratibu wa kupeleka picha vijijini, Unguja na Pemba, na wengi wetu tumekaa kwenye viwanja vya mpira tukiitazama dunia juu ya shuka. Vijana wa Morogoro waliniambia kuwa mfano wao ni huo. Tofauti ni kwamba wao hawakutaka kuchukua filamu za nje. Walitaka kupiga picha mlimani na kuirejesha picha mlimani kabla haijaonwa na mtu mwingine yeyote. Jambo hilo la kurejesha kwanza ni zuri mno, na nalisema mapema ili lisizame katika lawama zitakazofuata.

Sinema yenyewe ilikuwa na muda usiofika nusu saa, na ilikuwa na vipande vitatu.

Kipande cha kwanza kilihusu mbeta. Kwa msomaji wa pwani asiyeijua, mbeta ni ngoma ya Waluguru inayokwenda kwa filimbi za urefu mbalimbali, na uzuri wake ni kuwa hapana mpigaji hata mmoja aliye na wimbo mzima. Kila mmoja ana sauti yake ndogo, huipuliza zamu yake ikifika na kunyamaza zamu ya mwenziwe, na wimbo hupatikana pale kati yao, hewani. Mpige picha mmoja peke yake naye huonekana kama mtu anayepuliza, anasita, anapuliza tena, kana kwamba hana hakika. Sasa mpiga picha wetu, kwa kupenda nyuso, aliisogeza kamera karibu. Tuliona mashavu yaliyotuna, jasho, pete kidoleni, jicho la mzee likipepesa. Ni picha nzuri kila moja. Lakini mbeta haikuonekana. Ilisikika tu, ikitoka mahali ambapo kamera haikuangalia. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alimwambia jirani yake kwa sauti ya chini, "Wamewatenganisha." Sikusikia uhakiki wa filamu ulio mfupi na wa haki kuliko ule.

Sinema ilikwishazaliwa na tabia ya kukata vipande, na sina ugomvi na hilo. Ila ngoma nyingine hukatika na nyingine hazikatiki. Msewe wa Pemba ukimwonyesha mchezaji mmoja na njuga zake miguuni, mtazamaji bado hupata kitu. Kwa mbeta, kamera ingesimama mbali, itulie, iwe kama mgeni aliyealikwa akapewa kigoda na kuambiwa kaa hapa.

Kipande cha pili ndicho kilichonifanya nisijute safari. Mzee mmoja amekaa kizingitini kwake anasimulia habari za Kolero, kwa Kiluguru, na kamera haikusogea hata mara moja. Kolero ni jina linalopaswa kujulikana zaidi na sisi wapenzi wa fasihi. Ni mzimu wa pangoni katika milima hiyo hiyo, ambao watu walikuwa wakiuendea kwa ajili ya mvua na mavuno, si Waluguru peke yao bali hata Wazaramo kutoka mbali, na wakati vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905 maneno yaliyosemwa kuwa yametoka huko yalienea Uzaramo kote. Sote tunamjua Kinjeketile wa Ngarambe kwa sababu Ebrahim Hussein alimwandikia tamthilia mwaka 1969. Kolero haikupata tamthilia yake, ikabaki na wazee wa vizingitini.

Kilichotokea uwanjani kilikuwa cha ajabu. Mzee alipofungua hadithi kwa kibwagizo cha kuitikiwa, uwanja mzima uliitikia, kana kwamba yuko hai mbele yao. Na kweli alikuwa hai mbele yao, amekaa benchi la pili. Kila mzee wa kwenye shuka alipofika mahali fulani, mzee wa kwenye benchi aliongeza neno, na mara mbili alimkosoa mwenziwe huyo kwa sauti: hapo amesahau, hapo kaharakisha. Watoto walicheka, watu wazima wakamtaka aendelee. Kwa dakika kadhaa tulikuwa na wasimulizi wawili wa hadithi moja, na bora alikuwa yule aliyekuwa benchini, kwa sababu yeye aliwaona wanaomsikiliza.

Halafu alifika mahali, yule wa kwenye shuka, akanyamaza. Akaiangalia kamera kwa muda mrefu. Kisha akasema kuwa yaliyobaki hayasemwi mbele ya kitu hicho. Wahariri wengi wangelikata pale. Vijana hawa hawakukata. Waliuacha ule ukimya wote, na kuku akapita, na mzee akajifuta uso. Mimi nami, alhamdulillahi, sikuandika neno lolote chini ya picha hiyo. Ukimya ule ndio mstari ulio bora katika sinema nzima, na ningependa kila anayekusudia kupiga picha za mila autazame kabla hajafungua kamera yake.

Cha tatu kilikuwa ngoma ya kumtoa mwali. Hapa ndipo penye mzigo.

Uluguru ni nchi ya ukoo wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na ardhi kwa desturi imepita njia hiyo. Kwa hiyo msichana anapovunja ungo hapatikani mke wa kesho tu, hupatikana mlango ambao ukoo utapitia. Zamani aliwekwa ndani kwa muda mrefu, miezi mingi na hata zaidi, akifundishwa na wakubwa wake. Siku hizi shule haisubiri, na muda umefupishwa. Siku ya kutoka hupambwa, huchezwa, na nyimbo huimbwa ambazo baadhi yake ni za wote na baadhi si za masikio ya kila mtu. Akina mama waliwaruhusu vijana kupiga picha za nje. Mambo ya ndani walikataa, na kukataa kwao kuliheshimiwa. Wasomaji wa hapa watakumbuka kuwa marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, yeye alizitoa ngoma za unyago jukwaani, mbele ya wanaume na wageni, na filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2006 ikazipeleka mbali zaidi. Bi Kidude alikuwa kungwi. Aliamua mwenyewe kuhusu kilicho chake. Sina la kuongeza katika hilo, isipokuwa kuwa uamuzi wa mmoja hauwi ruhusa ya wote.

Wimbo uliochukuliwa ulikuwa wa nje, na nililetewa ukiwa umeandikwa kwa Kiluguru na binti mmoja wa mjini, pamoja na maelezo yake. Nilikaa nao siku nne. Kiluguru si mbali na Kiswahili, na hapo ndipo mtego ulipo, kwani mfasiri huona neno analolijua na kulipita mbio. Ugumu ulikuwa katika neno moja tu, tombo. Sikio la pwani hulipokea neno hilo kwa haya, na naomba radhi kwa kulitaja. Kule maana yake ni titi la mama. Na ni zaidi ya hapo: ni jina la tawi la ukoo, yaani wale waliotokana na titi moja, na ndilo hilo hilo lililoupa mji wa Matombo jina lake, kwa ajili ya majabali mawili yaliyosimama juu yake. Mtunzi wa wimbo alilitumia neno kwa maana zote tatu pamoja. Anamwambia mwali atazame mlimani amwone mama yake, na amwambie mumewe wa baadaye kwamba jabali halihamishwi kwa mahari. Nami nikaandika chini ya picha: ukoo. Neno safi, la kamusi, lisilomwudhi mtu, wala halinyonyeshi mtu.

Lakini hilo lilikuwa kosa dogo. Kila wimbo ulipoanza, vijana walitaka paandikwe mstari mmoja wa kuutambulisha. Nikaandika bila ya kufikiri, kama nilivyokwishaona kukiandikwa mahali elfu: "Wimbo wa kimila wa Waluguru."

Picha ikesha, taa ikawashwa, majina yakapita. Mwongozaji, wapiga picha, mhariri, fundi wa sauti, dereva, hata aliyetuazima jenereta. Jina langu lilipita pia, tena kwa herufi kubwa, mfasiri na mshairi. Watu wakapiga makofi. Akainuka bibi mmoja mwembamba aliyejifunga khanga mbili, akaja moja kwa moja nilipokuwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye uliyeandika yale maandishi."

Nikakubali.

"Mjukuu wangu amenisomea. Wimbo mmesema wa Kimila. Huyo Kimila ni wa lukolo gani? Mimi hapa simjui."

Waliokuwa karibu walicheka, na mimi nilicheka nao kwa nusu dakika, mpaka nilipoona kuwa yeye hacheki. Wimbo ulikuwa wake. Aliutunga mwenyewe miaka mingi nyuma, alipotoka mtoto wa binti yake, na kila mtu aliyekuwa uwanjani pale alijua hivyo. Tuliokuwa hatujui ni sisi tuliokuja na mtambo.

Mimi ni mtu niliyejifunza utunzi bila ya mwalimu wa darasani, kwa kusoma magazeti ya zamani na kusikiliza washairi barazani. Jambo la kwanza nililofundishwa na baraza ni kaditama. Unapofika ubeti wa mwisho unajitaja: jina lako, mji wako, pengine na sanduku lako la posta. Nilikuwa nikiona fakhari kwamba sisi watu wa pwani tuna adabu hii ya kumjua mtunzi, nikidhani bara ngoma huota kama majani. Ni ujinga, tena ujinga wa kujitakia, kwa sababu ushahidi wa kinyume chake uko wazi. Usukumani makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yamebeba sifa za waanzilishi wake, Ngika na Gumha, na wapenzi wa ngoma huko hubishana juu ya nani alimshinda nani kama sisi tunavyobishana juu ya malenga. Mwinamila wa Unyamwezini alijulikana kwa jina lake nchi nzima. Hata mjini Morogoro penyewe, ukiuliza habari za muziki, utatajiwa Salum Abdallah na Cuban Marimba, utatajiwa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na hakuna atakayekwambia kuwa zile ni nyimbo za kimila za watu wa mjini. Gitaa likiingia, mtunzi huzaliwa. Ngoma ikibaki ngoma, mtunzi hana jina, na hasa mtunzi huyo akiwa ni mwanamke tena mtu wa mlimani.

Siti binti Saad naye angeliweza kupotea hivyo hivyo. Kilichomwokoa ni santuri za mwaka 1928 zilizokuwa na jina lake juu ya karatasi ya katikati, na baadaye kalamu ya Shaaban Robert iliyomwandikia wasifu.

Nimejiuliza neno hili "asili" tumelitoa wapi kwa maana tunayolipa sasa. Katika Kiswahili asili ni chimbuko, mahali kitu kilipotoka, na kila kilichotoka mahali kimetolewa na mtu. Nadhani tulilipinda wakati ngoma zilipopanda jukwaani. Baada ya uhuru, Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilizikusanya ngoma za mikoa, zikafupishwa zikaweza kuchezwa kwa dakika chache mbele ya mgeni wa serikali, na katika kufupishwa huko kilichotangulia kuanguka ni maneno, kwa sababu mgeni hakuyaelewa na Mtanzania wa kabila jingine hakuyaelewa pia. Kiuno kilibaki. Tangu hapo mtangazaji amekuwa akisema, sasa tutaona ngoma ya asili kutoka Mtwara, kutoka Dodoma, kutoka Morogoro, na mkoa umekuwa ndio mtunzi. Nia ilikuwa ni kujenga taifa, wala siidharau. Lakini hata sheria imefuata mkondo huo: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara inazungumzia kazi za jadi kama urithi wa jamii, na kwa jambo lisilo na mtunzi anayejulikana hilo ni sawa kabisa. Hatari ni pale uvivu wa kutouliza unapojificha ndani ya heshima kwa jamii. Bibi yule alikuwa umbali wa hatua kumi kutoka kwenye kamera.

Na tusidhani kuwa sinema ndiyo iliyoanza. Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya kuna vinyago vidogo vya mbao ambavyo wali wa Kizaramo, Kikwere na Kiluguru walikuwa wakipewa wakati wa kuwekwa ndani, vile viitwavyo mwana hiti. Chini yake huandikwa jina la kabila. Kuna mikono ya mafundi tofauti kabisa ndani ya kabati moja, mwingine mpole, mwingine mwenye kisu cha haraka, na yeyote mwenye macho huona hivyo. Wote wamekuwa mtu mmoja anayeitwa Mluguru, kama bibi wangu alivyotaka kufanywa Kimila.

Kuna aliyeliona jambo hili mapema, tena mzaliwa wa mkoa huo huo. Penina Muhando, ambaye wengi wanamjua pia kwa jina la Mlama, alizaliwa Berega mwaka 1948, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenziwe wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijiji cha Malya, Usukumani, wakafanya sanaa za maonyesho pamoja na wanakijiji. Hawakuja na mchezo uliokwishatungwa. Walikuja na masikio, wakauliza ngoma gani zipo na nani anaziongoza, na kijiji kikatunga chenyewe, kwa ngoma zake, juu ya matatizo yake, kisha kikakaa kujadili. Katika utaratibu kama ule haiwezekani kumpoteza mtunzi, kwa sababu yuko kwenye kikao. Ningependa vijana wa projekta wakisome kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya kazi hiyo kabla ya kusoma kingine chochote juu ya namna ya kupanga taa.

Turejee uwanjani. Vijana, kwa sifa yao, hawakubishana. Wakamwomba bibi radhi mbele ya watu, wakamwahidi kurekebisha. Tulidhani ni kazi ya dakika tano: futa maneno mawili, weka jina. Bibi akasema hapana, jina lake peke yake halitoshi, kwani kina bibi wa jina hilo ni wengi. Liandikwe pamoja na lukolo lake na jina la mama yake. Tukakubali. Akasema pia kuwa mjukuu ambaye wimbo ulitungwa kwa ajili yake ni mtu mzima sasa, ana watoto, naye aulizwe kama anakubali. Tukakubali. Kisha akaniuliza mimi, lile neno tombo nimeliandikaje kwa Kiswahili. Nikamwambia. Akatikisa kichwa pole pole, kama mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto wa watu.

"Ukoo ni wa karatasi," akasema. "Sisi tunanyonya."

Nilifanya kazi ile upya kwa wiki mbili. Mwisho wake neno sikulifasiri. Nililiacha kama lilivyo, nikaandika pembeni maelezo ya mstari mmoja. Mjukuu alipatikana Dar es Salaam, akaulizwa, akataka ubeti wa mwisho uondolewe, ukaondolewa. Sinema ikafupika, na kwa maoni yangu ikawa bora. Waliponieleza kuwa wameirejesha Matombo na kuionyesha tena kwenye shuka lile lile, sikuweza kwenda, ila nililetewa habari kuwa bibi alikaa mbele na watoto.

Mwaka uliofuata nilialikwa kwenye onyesho dogo katika ua wa nyumba moja hapa Unguja, picha za bara na za visiwani kwa pamoja, na sinema yetu ikiwamo. Nilikwenda na furaha. Jina la Matombo lilipotokea, vijana wa nyuma walicheka kicheko nilichokitarajia, na nilitulia, nikijua kuwa maelezo yangu yatakuja baada ya muda mfupi na kukizima. Hayakuja. Badala yake likapita neno safi la kamusi. Juu yake mwali alikuwa akitoka, akina mama wakipiga vigelegele, na mstari wangu wa zamani ukausoma uwanja mzima: wimbo wa kimila wa Waluguru. Ile nakala ya kwanza ilikuwa imekwishasambaa katika visahani na mikoba ya watu kabla ya kusahihishwa, na hakuna aliyeweza kunieleza ziko ngapi. Nilisimama nikataka kusema, lakini ngoma ilikuwa imepamba moto na watu wakaniambia nikae, nawazibia.